Kumnunulia Ndugu Gari Lililochoka

Mtu anayejinunulia gari kuukuu hana haja ya kumwomba radhi mtu yeyote. Fedha ni zake, safari ni zake, na siku gari litakapozimika katikati ya mlima, atakayeshuka kulisukuma ni yeye mwenyewe. Mambo hubadilika pale anapolinunua kwa ajili ya mwingine: mzazi, mke, mtoto aliyeanza kazi, au ndugu wa tumbo moja. Hapo anayechagua ni mmoja, na atakayebeba matokeo ya uchaguzi huo ni mwingine. Kwa hiyo swali ninalotaka tulitafakari ni hili: je, ni haki kumpa mtu unayempenda chombo ambacho unajua kimetumika sana, na ambacho wewe mwenyewe huwezi kuapa kwamba kitafika mwakani?

Katika nchi yetu swali hili si la watu wachache. Tangu milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yameenea Tanzania. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, hivyo usukani wa magari yao uko mahali panapotufaa. Huko kwao gari dogo la kawaida hulazimika kukaguliwa linapotimiza miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama zake, basi wengi huona heri wauze. Gari hilo ambalo kwao limezeeka, likiteremshwa bandarini Dar es Salaam sisi huliita jipya. Miaka kadhaa baadaye huuzwa tena, kwa mkono wa pili, wa tatu au wa nne, na hapo ndipo mtu wa mshahara wa kawaida anapoweza kulifikia.

Je, gari kama hilo hupimwa kwa nini? Serikali hupima kwa umri. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari la mtumba lililozidi miaka 8. Tanzania huyaruhusu magari yaliyozeeka, lakini huyatoza ushuru wa ziada. Wanunuzi nao hupima kwa kilometa. Mtu huchungulia dashibodi kabla hata ya kufungua boneti, akiona 70,000 hutabasamu, akiona 260,000 hurudi nyuma kama aliyeona nyoka. Vipimo vyote viwili vina maana yake, lakini hakuna hata kimoja kinachopima matunzo. Kilometa 260,000 ni sawa na kuizunguka dunia kwenye Ikweta mara 6 na zaidi. Injini iliyobadilishiwa oili kila kilometa 5,000 inaweza kuimaliza safari hiyo ikiwa na nguvu, na iliyonyimwa oili ikafa kabla ya nusu ya njia. Isitoshe, namba ya kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma kwa mkono wa fundi asiye na haya. Raba ya pedeli ya breki haidanganyi upesi hivyo, wala kiti cha dereva kilichobonyea, wala usukani uliong'aa kwa kushikwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi naongeza kwamba kibaya siku hizi hujipamba kwanza ndipo kikatembea.

Kuhusu muuzaji na mnunuzi, wanadamu wamekwisha kubishana kwa muda mrefu. Marcus Tullius Cicero, mwanasheria na mwanafalsafa wa Roma, aliandika mwaka 44 kabla ya Kristo kitabu juu ya wajibu, akimwelekezea mwanawe. Humo alieleza ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes na Antipater. Mtu anauza nyumba yenye kasoro ambazo ni yeye tu anayezijua. Je, inampasa kuzisema? Diogenes alishika kwamba kunyamaza si sawa na kudanganya. Antipater alishika kwamba kunyamaza hivyo ni kama kumwona mtu amepotea njia ukakataa kumwonyesha. Cicero mwenyewe aliona kwamba muuzaji alipaswa kusema. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa mwambao wameizoea kwa karne nyingi, mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa ana hiari ya kuirudisha. Na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo ndiyo shina la sheria za mauzo ya bidhaa Afrika Mashariki, ilimpa mnunuzi kinga fulani mbele ya mfanyabiashara, ingawa aliponunua kwa mtu binafsi aliachwa afumbue macho yake mwenyewe.

Sasa tazama hali ya mtu anayepewa. Mnunuzi anaweza kukagua, anaweza kuuliza, anaweza kupunguza bei, na anaweza kugeuka akaenda zake. Akidanganywa anaweza kulalamika bila kuonekana mkosefu wa adabu. Anayepewa na ndugu yake hana hata kimoja katika hivyo. Amekabidhiwa ufunguo mbele ya wazee, watu wamepiga vigelegele, naye amepiga magoti kushukuru. Nani basi atafungua kinywa aseme kwamba giaboksi inagoma? Atanyamaza, atakopa, atatengeneza, na kila akiulizwa gari linaendeleaje atajibu kuwa ni zuri. Heshima imemfunga mdomo. Hivyo tunakuta jambo la ajabu, kwamba mtu anayepewa na ampendaye ana kinga ndogo kuliko mtu anayeuziwa na asiyemjua.

Nichukue mfano ulio karibu nami. Mdogo wangu wa kike ni muuguzi. Anaishi Kibaha na anafanya kazi Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 40 hivi kwenda, na 40 kurudi. Zamu zake haziheshimu saa za daladala. Siku za kutoka usiku hushuka barabara kuu, kisha huchukua bodaboda ya mtu asiyemfahamu hadi nyumbani, njia yenyewe ikiwa giza. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeweka akiba ya shilingi milioni 8, tukaona tumtafutie gari.

Magari mawili yalitufikia. La kwanza lilikuwa kwenye yadi ya mfanyabiashara mmoja, limepigwa rangi likang'aa, na dashibodi yake ikasoma kilometa 78,000. Raba ya pedeli ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana. Tulipoomba karatasi za matengenezo, mazungumzo yakahamia kwenye uzuri wa rangi. La pili lilikuwa Toyota Corolla ya mwalimu mstaafu, lenye kilometa 263,000 ambazo mzee huyo hakuzionea haya hata kidogo. Alikuwa na daftari la shule, na ndani yake kila oili iliyobadilishwa imeandikwa tarehe na kilometa, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Bei yake ilikuwa shilingi milioni 6. Fundi wetu alilala chini ya gari hilo karibu saa nzima. Aliporudi juu alisema injini ina pumzi, lakini gasketi moja inavuja, shokapu mbili za mbele zimekufa, na diski za breki zimebaki nyembamba.

Maneno hayo ya fundi yalinifanya nione kwamba kasoro za gari si za namna moja. Ziko kasoro za mfuko na ziko kasoro za roho. Gasketi inayovuja, kiyoyozi kisichopuliza na mlango unaogoma kufunguka ni za mfuko. Zitakula fedha na saa za mtu, lakini hazitamzika. Breki, tairi, usukani na mikanda ya kujifungia ni za roho. Kwa zile za mfuko, ndugu wanaweza kupatana nani atazibeba. Kwa zile za roho hakuna mapatano yanayofaa, hata kama mpokeaji mwenyewe, kwa hamu ya kupata gari, atasema si neno. Mtu hana haki ya kupunguza gharama zake kwa kuzikata katika breki za mwenziwe.

Lilibaki jambo la kumwambia mhusika. Yupo atakayesema kwamba zawadi haijadiliwi na anayepewa, kwamba ukimweleza mtu kasoro za zawadi yake umeipunguzia utamu. Sikubaliani naye. Utamu wa namna hiyo ni wa siku moja, na aghalabu ni wa mtoaji kuliko wa mpewaji, kwa kuwa ni yeye anayesifiwa ukumbini. Nilimpelekea mdogo wangu taarifa ya fundi yote, pamoja na hesabu. Kwa zamu 15 za mwezi angetembea kilometa 1,200. Gari likila lita moja kwa kilometa 12, ni lita 100 za petroli kila mwezi. Oili ingemfikia kila miezi minne. Kwa mwaka angeongeza kilometa 14,400, na baada ya miaka 5 dashibodi ingesoma 335,000. Nilimwambia pia habari za gari la yadi, na kwamba njia ya tatu ilikuwa kungoja mwaka mmoja au miwili tukusanye fedha za gari bora zaidi.

Alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi siogopi gari bovu. Naogopa gari nisilojua ubovu wake." Halafu akauliza swali ambalo fundi hakuliuliza: "Likizimika saa nane za usiku, nampigia nani?" Mwisho akatoa sharti. Alitaka naye atie shilingi milioni moja na nusu kutoka kwenye akiba yake. Nilimwambia hakuna haja. Akajibu, "Ipo haja, kaka. Nikitia changu nitaweza kusema."

Katika sentensi hiyo fupi mna falsafa nzima. Yeye alikuwa ameliona lile jambo la ajabu nililolieleza juu: mpokeaji asiye na chake ndani hana sauti. Fedha zake hazikuwa za kutusaidia kununua. Zilikuwa za kununua haki ya kulalamika. Tulikubali. Gari la mwalimu likanunuliwa. Kabla halijakabidhiwa lilifungwa diski na pedi mpya za breki, shokapu na tairi nne, na kiasi kilichobaki kikawekwa kando kwa jina la gari, si kwa jina la mtu. Namba ya fundi na namba ya kijana mwenye gari la kuvuta zikaandikwa kwenye karatasi ndani ya dashibodi. Mwezi wa tatu rejeta ilipasuka jioni, karibu na Kibamba. Alipaki pembeni mara tu sindano ya joto ilipopanda, akapiga simu, akavutwa, na kesho yake rejeta ikalipwa kutoka kwenye ile akiba. Hapakuwa na aliyeomba msamaha wala aliyelaumiwa, kwa sababu jambo lililotokea lilikuwa limekwisha kutajwa mezani tangu mwanzo.

Najua liko pingamizi lenye nguvu. Mtu anaweza kuniambia: haya yote ni anasa ya wenye akiba. Wengi hununua wanachoweza, wakampa ndugu yao, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Gari lenye breki hafifu si bora kuliko kutembea gizani? Pingamizi hili silipuuzi, kwani hata kungoja ni uamuzi, na kila mwezi wa kungoja hulipwa na yule anayeshuka barabarani usiku. Lakini litazame vizuri. Linasema fedha ni chache. Halisemi kwamba ukweli nao ni mchache. Asiye na akiba bado anaweza kusema anachokijua. Bado anaweza kununua gari la bei ya chini zaidi, ili ibaki senti ya breki. Na iwapo hata hilo haliwezekani, bado anaweza kukaa na ndugu yake wakaamua pamoja kwamba hatari ipi ni afadhali. Aliyechagua hatari yake kwa macho mawili hayuko sawa na aliyepakiwa ndani yake akipigiwa vigelegele.

Wala sidhani kwamba hoja hii inaishia kwenye magari. Tunawapa wadogo zetu viwanja vyenye kesi, tunawaachia watoto maduka yenye madeni, tunawaoza vijana wetu huku tukificha maradhi yaliyomo ukoo. Kila mara tunajipa moyo kwamba nia yetu ilikuwa njema. Huenda ni kweli. Hata hivyo nia njema hukaa kwa mtoaji, na kasoro huhamia kwa mpokeaji.

Kwa hiyo, msomaji, ukiniuliza kama ni vyema kumnunulia ndugu yako gari lenye kilometa 200,000 na zaidi, sitakujibu kwa kutaja namba. Nitakuuliza mambo matatu. Je, amejua yote unayoyajua wewe kuhusu gari hilo? Je, anaweza kulikataa na mkabaki ndugu kama mlivyokuwa jana? Na je, likiharibika ana pa kulirudisha, iwe ni kwenye mfuko mliouweka kando, au kwa fundi mnayemwamini, au angalau kwenye simu yako ambayo itapokelewa saa nane za usiku? Ukiweza kujibu ndiyo kwa yote matatu, lipe mafuta, lishike breki ulijaribu, kisha umkabidhi ufunguo.