Mstari Ule ni wa Nani?

Bikoni moja iandikwe mara moja. Hiyo ndiyo kanuni ninayoishika kuliko zote ninapochora viwanja vya Kahama kwenye kompyuta, na naamini haikuanzia kwenye kompyuta.

Wapima wakirudi kutoka Zongomera au Mhungula hunipa faili la namba: jina la bikoni (alama ya pembe ya kiwanja), umbali wake kuelekea mashariki, umbali wake kuelekea kaskazini. Kwa hapa mjini namba ya mashariki huwa karibu na mita 455,000 na ya kaskazini karibu na 9,575,000, kwa kuwa tumo katika ukanda wa 36 Kusini wa gridi ya wachora ramani. Programu fupi ya Python inazisoma na kuchora mistatili iliyopakana, kiwanja kwa kiwanja. Anayeanza kazi hii hukipa kila kiwanja pembe zake nne, akaridhika. Lakini pembe mbili za kiwanja namba 14 ndizo pembe mbili za kiwanja namba 15, kwa hiyo ameziandika mara mbili. Tuseme upande mmoja kaandika 455,612.347, na upande wa pili, kwa kipimo cha siku nyingine, 455,612.351. Ni tofauti ya milimita nne. Karatasini huioni. Ikuze picha kwenye kioo, utauona ufa. Na kama mpaka una urefu wa mita 30, ufa huo ni mita za mraba 0.12 za ardhi isiyo na mwenyewe. Namba zikikosana kwa upande wa pili, ardhi hiyo hiyo inakuwa na wenyewe wawili.

Ukitafuta ukingo wa kulia kwa kujumlisha upana juu ya ukingo wa kushoto, mambo huharibika hata kama wapima hawakukosea popote. Kompyuta huhesabu kwa msingi wa mbili, na moja ya kumi haiwezi kuandikika humo kikamilifu: iambie ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Majirani wawili waliokubaliana kwa maneno wanatengwa na tarakimu ya mwisho.

Ndiyo maana faili langu lina orodha ya bikoni peke yake, kila moja kwa jina lake. Kiwanja hakibebi namba yoyote ya mahali, kinabeba majina. Cha 14 ni A, B, C, D. Cha 15, kilicho mashariki yake, ni B, E, F, C. Zunguka viwanja vyote viwili kwa mwelekeo mmoja, kinyume cha saa, utakuta kitu kinachonifurahisha kila mara: wa 14 anautembea mpaka kutoka B kwenda C, na wa 15 anautembea kutoka C kwenda B. Programu inawatambua majirani kwa njia hiyo hiyo, kwa kuona mstari uliopitiwa mara mbili kwa kukutana uso kwa uso. Mstari uliopitiwa mara moja tu ndio ukingo wa mtaa.

Mzee mmoja aliyekuja kuona ramani ya eneo lake aliweka kidole juu ya kioo, akaniuliza, "Binti yangu, huu mstari wenyewe ni wa nani?" Nilimwambia, "Ni wenu wote wawili, baba." Hakuridhika, na alikuwa na haki. Kitu cha watu wote wawili, kila mmoja ana kiasi gani? Mstari hauna upana. Huwezi kuukata nusu kwa urefu wake.

Swali lake ni la zamani sana. Katika kitabu cha tano cha Fizikia, Aristotle alitenganisha vitu vinavyogusana tu, ambavyo ncha zake ziko pamoja lakini zimebaki mbili, na vitu vilivyoungana, ambavyo ncha zake zimekuwa moja. Nikisoma hapo naona mafaili mawili: la pembe zilizorudiwa, na la majina. Ila kioo cha kompyuta hakikubali hata moja, kwa sababu kioo ni doti, na doti lazima ipakwe rangi ya mtu. Waliotengeneza michoro ya kompyuta waliamua kwa sheria: doti iliyoangukia mpakani anapewa mmoja tu, kwa kawaida yule ambaye mpaka huo ni upande wake wa kushoto au wa juu. Ni sheria nzuri ya kupaka rangi. Sioni haki yoyote ndani yake.

Haki niliiona kwenye majaruba. Wakulima wa mpunga wa huku hugawana mbuga kwa matuta, na tuta lililo kati ya majaruba mawili ni moja. Likipasuka, maji ya wote yameharibika, kwa hiyo mwenye jembe karibu ndiye anayeziba. Tuta lina upana. Unaweza kulikwangua kidogo kidogo kila msimu, na jirani asijue. Hapo ndipo dini zinapoingia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19 na ya 27, linakataza kuhamisha alama ya mpaka na kumlaani anayefanya hivyo. Mwenzangu wa ofisini, Mwislamu, hunikumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: aliyedhulumu shubiri ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba. Shubiri moja juu, lakini dhambi inashuka hadi chini kabisa.

Kwa ukanda wetu wa dhahabu, kushuka huko ni jambo la kila siku. Leseni ya mchimbaji mdogo haizidi hekta 10, na kwenye ramani yangu ni mstatili kama mwingine. Namba zake ni za mfumo wa Arc 1960. Ukiziingiza kwenye simu iliyopangwa kwa WGS 84 bila kuzibadilisha, utasimama karibu mita 300 kutoka pale panapohusika. Hilo linarekebishika. Gumu ni kwamba mwamba wenye dhahabu umelala mshazari, na mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anaufuata unakokwenda, hadi siku mashimo mawili yanapokutana gizani. Wachimbaji wanakuita huko kukutana mtobozano. Huko hakuna bikoni ya kuonyeshana kidole.

Kwa hiyo wenye leseni zilizopakana wakija kwangu, nawashauri tuchore ukanda wa mwamba usioguswa, nusu huku nusu kule, wenye rangi moja. Ukuta huo unabeba paa la mashimo yote mawili. Wananiuliza dhahabu iliyomo ndani yake ni ya nani. Nawaambia sheria inasema madini ni mali ya Jamhuri, ardhi Rais ameishika kama mdhamini tu, na mimi Mkatoliki naamini juu ya mdhamini yuko Mwenyewe. Wao wawili wamekabidhiwa ukuta. Kijana mmoja alinijibu, "Dada, mwamba mzuri unapita hapo hapo, na watoto wangu hawali ukuta." Sikuwa na la kumwambia kuhusu watoto. Kuhusu ukuta, niliuchora.