Kibaba sawa, haki sawa?

Binti yangu alitokwa na vipele vya kuwasha kwenye viwiko na magoti. Majirani wakasema vinaambukiza, watoto wao wakamkimbia. Mwishowe daktari akatwambia ni ugonjwa wa siliaki: gluteni ya ngano ndiyo inayomdhuru. Basi unga wa ngano wa mgao nabadilishana sokoni na wa mahindi. Mfanyakazi mmoja wa shirika akaniona. "Mama, anayeuza mgao ameshiba." Simlaumu sana, chakula chenyewe hakitoshi. Lakini kwani kibaba kilekile kwa kila mtu ndiyo haki, hata kama mwanangu kinamuumiza? Kupima sawa ni kazi ya mizani. Ndugu mnaopima, kabla ya kutuhukumu, tuulizeni kwanza.