Kwenda Ufukweni Bila Shughuli

Sisi watu wa Kitandililo tunasafiri tukiwa na sababu. Tunakwenda Makambako sokoni, Njombe kwenye ofisi, Ilembula hospitalini, Dar es Salaam kwa binti aliyejifungua. Msibani tunakwenda hata usiku. Kwa hiyo washarika wanapopendekeza tuchange fedha, tukodi kosta, twende Matema kuliangalia Ziwa Nyasa kisha turudi nyumbani, swali linalozuka ni la haki: huko kuna nini?

Tujibu kwa ukweli, wapendwa. Hakuna kitu cha ajabu. Kuna mchanga, kuna maji, na Milima ya Livingstone imesimama wima kando yake. Kuna mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, nyavu, usipa walioanikwa juani, akina mama wanaofua na watoto wanaooga. Siku ya gulio hufika vyungu vinavyofinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe, vimepangwa ndani ya mitumbwi. Kwa wenyeji, pale ni jikoni, ni barabara, ni mahali pa kazi. Wanaweza kutushangaa kama sisi tungemshangaa mtu anayekodi basi kuja kuangalia mahindi yetu.

Na gharama si ndogo. Kutoka Makambako tunapita Chimala, Uyole na Tukuyu, tunashuka Kyela, ndipo tuelekee Matema. Tunatoka mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 hadi chini ya mita 500, na makoti tuliyoyavaa asubuhi yanageuka mzigo. Fedha hiyo ingenunua mbolea, au mabati ya nyumba ya mwinjilisti, au ingelipa ada ya yatima.

Hoja hii tusiidharau. Kule Bethania, mwanamke alipommiminia Yesu marhamu ya thamani, ilisemwa kwamba yangeuzwa kwa dinari 300 na maskini wakapewa. Yohana anamtaja Yuda kuwa ndiye aliyesema, tena bila kuwajali maskini. Lakini Marko anaonyesha kwamba walionung'unika walikuwa zaidi ya mmoja. Basi hata mtu mwenye nia njema anaweza kuuliza hivyo, naye anastahili jibu.

Wako wanaotaka kuiokoa safari kwa kuitafutia shughuli. Wanakumbusha kwamba Injili ilitufikia kwa njia ya ziwa hilo. Wamisionari wa Berlin walipita mito ya Zambezi na Shire, wakalivuka ziwa, na mwaka 1891 wakaanza kazi upande wake wa kaskazini. Kabla karne ile haijaisha walikuwa wamepanda Ukinga na kuingia Ubena. Kwa hiyo, wanasema, tuiite safari ya historia ya kanisa. Habari hiyo ni ya kweli, na watoto wetu waijue. Lakini tukiitumia kama kibali, tutakuwa tumekubali kwamba Mkristo hana ruhusa ya kwenda mahali popote ila kwa faida. Hapo ndipo tunapokataa.

Amri ya Sabato haimwambii mtu apumzike ili kesho alime zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati, sababu inayotolewa ni kwamba Israeli walikuwa watumwa Misri. Mtumwa ndiye mtu ambaye kila hatua yake lazima izae kitu kwa ajili ya bwana wake. Kupumzika ni kukiri kwamba Misri tumetoka.

Tena jambo hili haliishii kwenye kupumzika. Mtu asiyeweza kukaa mahali bila kuuliza amepata nini, kesho atawapima hata watu kwa kipimo hicho hicho. Atamwona mzee asiyeweza tena kushika jembe, mgonjwa asiyeweza kuchangia, mtoto mwenye ulemavu, naye atajiuliza, huyu ana faida gani? Tunayaona haya katika jumuiya zetu: mtu akiacha kuchangia, polepole anaacha kutembelewa. Macho yanayojifunza kuliangalia ziwa bila kutaka kitu kutoka kwake yanajifunza pia namna ya kumwangalia mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana twasema safari isiyo na shughuli si lazima iwe ufujaji.

Lakini amri ile ile inatubana upande wa pili. Inamtaja mtumwa na mjakazi, inamtaja ng'ombe, inamtaja mgeni aliye malangoni. Wote wapumzike. Basi tuulize, ni nani anayepanda kosta? Mara nyingi ni mwenye fedha. Wanaobaki ni binti wa kazi, kijana anayechunga ng'ombe, na bibi anayelea wajukuu ambao wazazi wao wamefariki. Pumziko linalokaa juu ya mgongo wa mwingine si Sabato. Ni Misri ile ile, ila safari hii wasimamizi ni sisi.

Na kule ufukweni pia tusiwe mzigo. Mama aliyebeba vyungu tusimkandamize bei kwa sababu jua linazama na anataka kurudi kwake. Wavuvi tuwasalimu kwanza, picha baadaye, tena kwa idhini yao. Bwana Yesu aliwakuta wanafunzi wake wa kwanza kando ya ziwa la Galilaya, ziwa dogo sana kuliko Nyasa, wakiwa kazini na nyavu zao. Baada ya kufufuka aliwangoja ufukweni pale pale, akiwa amewaandalia samaki juu ya makaa, nao walikuwa wamechoka kwa kazi ya usiku kucha. Hakutafuta ufukwe mzuri zaidi. Ule wa kazi ulimtosha.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba twende. Ila tunapochanga nauli, tuchange na nauli ya yule asiyeweza kuchanga, na tupange mapema nani atakayeshika kazi yake siku hizo. Yule bibi hatahitaji kiti tu; atahitaji mtu wa kuwapikia wajukuu na kuwafungia kuku jioni. Kama katika usharika mzima hatumpati mtu wa kufanya hivyo kwa siku mbili, basi safari hiyo haijaiva, hata kama fedha zimetimia.