Je, Kuvumilia ni Kunyamaza?



Katika jumuiya yetu hapa Bunia yuko mama mmoja mzee, mkulima wa mihogo, aliyeugua baridi yabisi. Vidole vilivimba, magoti yakakataa kukunjika. Daktari akampa vidonge vya prednizoloni, na baada ya siku chache mama akashika tena jembe. Tukafurahi wote. Akaendelea kuvimeza miaka mitatu. Lakini vidonge hivyo havimezwi miaka mingi pasipo hasara: uso huvimba, mifupa hudhoofika, sukari ya damu hupanda, macho huingia ukungu. Basi daktari akamwambia kwamba wakati wa kupunguza umefika, lakini polepole: kutoka miligramu 10 kwa siku mpaka 7.5, halafu 5, halafu 2.5, na kukaa majuma mengi kila ngazi.

Alipofika 5, mateso yakaanza. Kuamka asubuhi kukawa mzigo. Viungo viliuma, chakula kilikosa ladha, kichwa kilizunguka kila aliposimama, na machozi yalimtoka bila sababu. Akaja kwangu, akaniuliza: “Mwalimu, je, ni dhambi kulalamika?” Nami niliyesoma seminari nikamjibu upesi: “Vumilia, mama. Toa mateso yako pamoja na ya Bwana wetu msalabani.” Akaitika, akaenda zake.

Hakulalamika tena. Hakumwambia daktari, wala binti yake. Juma la tatu akashikwa na malaria. Akatapika chakula, akatapika na vidonge. Siku ya pili walimkuta kitandani, mwili baridi, hamtambui anayemwita. Wakampakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mwanawe, wakamfikisha hospitali. Alichomwa sindano ya dawa ya jamii ile ile, akatiwa maji mshipani, na kwa neema ya Mungu akapona. Daktari alipomwuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu: “Katekista aliniambia nivumilie.”

Jibu hilo halijaniacha mpaka leo. Nataka tulitazame tena swali la mama, kwa maana nililijibu vibaya.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Juu ya mafigo yetu Mungu ameweka tezi mbili ndogo. Kila siku hutengeneza kiasi cha kortizoli, nayo humsaidia mtu kustahimili njaa, homa na jeraha. Vidonge hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, na tezi zikiona kazi imekwisha kufanywa, hulala. Ni kama njia ya kisimani. Jirani akikuletea maji miaka mitatu, nyasi huota njiani. Siku akiacha ghafula, waweza kufa kiu huku kisima kipo. Lakini akipunguza ndoo kidogo kidogo, utakwenda mwenyewe, utakata nyasi, na njia itafunguka. Kazi hiyo huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi. Homa ikija kabla njia haijafunguka, mwili hutaka maji mengi kuliko siku zote, na ndoo zilizobaki hazitoshi. Ndivyo ilivyompata mama yetu.

Dawa za jamii hii si za kale. Mnamo Septemba 1948, huko Rochester nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kortizoni mwanamke kijana aliyefungwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel. Hench alimpa sehemu ya fedha zake Sista Pantaleon, mwuguzi mkuu wa wagonjwa wake, apate kwenda Roma. Naona ni haki. Daktari huandika dawa, lakini anayekaa kando ya kitanda ndiye anayesikia dawa inavyomtendea mgonjwa. Hata katika miaka ile ya kwanza ilionekana kwamba dawa ikikatishwa, maumivu hurudi. Wangelijuaje, kama wagonjwa wangalinyamaza?

Mt. Tomaso wa Akwino afundisha kwamba tumaini hutazama jema lililo mbele, lililo gumu, lakini linalowezekana. Tena hufundisha kwamba fadhila hiyo huharibiwa kwa njia mbili: kwa kukata tamaa, na kwa kujitumainia kupita kiasi. Nawaona wote wawili katika habari hii. Mmoja hutoka katika maombi, akavitupa vidonge vyote siku moja, akisema, “Nina imani.” Huyo amjaribu Mungu. Mwingine akionja maumivu ya ngazi moja, huenda kwa siri kwenye duka la dawa, akarudia kipimo kikubwa cha zamani. Huyo amekata tamaa. Kwa nje hawafanani. Kwa ndani wote wawili wanaukimbia urefu wa njia.

Mkumbukeni Naamani Mshamu. Alitaka aponywe mara moja, kwa neno na kwa ishara ya mkono. Elisha akamwambia aoge Yordani mara saba. Maandiko hayasemi kwamba mara ya tatu au ya sita aliona badiliko lolote. Aliendelea kushuka majini kwa sababu aliambiwa mara saba.

Pengine mtu ataniuliza: “Lakini Kanisa halitufundishi kumtolea Mungu mateso yetu?” Latufundisha, wala sikatai. Ila nilisahau jambo moja. Katika bustani ya Gethsemani Bwana wetu aliwaambia rafiki zake jinsi roho yake ilivyohuzunika, akawaomba wakeshe naye. Na msalabani alisema kwamba ana kiu. Ikiwa Yeye aliitoa sadaka iliyo kamili, wala hakuificha haja yake, mimi ni nani hata nimfundishe mama mzee kuificha?

Yafaa basi tutenge mambo mawili: kunung'unika na kueleza. Waisraeli jangwani walinung'unika, kwa kuwa moyo wao ulitaka kurudi Misri kwenye vyungu vya nyama. Lakini anayemwambia kiongozi, “Miguu yangu imevimba, maji yamekwisha,” hataki kurudi. Ataka kufika. Ni daktari, si sisi, awezaye kupambanua kama maumivu ni ya kupunguza dawa, au ni ugonjwa wa kwanza unaorudi, au ni tezi ambazo bado hazijaamka. Naye hawezi kupambanua asichoambiwa. Akisema tupande ngazi moja kwa muda, si kushindwa. Ni kupiga kambi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, asiwepo mtu wa kuacha vidonge hivi ghafula kwa shauri lake, wala la jirani, wala la katekista. Pili, anayevipunguza akipata homa kali au kutapika, apelekwe hospitali siku ile ile, na waliompeleka waseme wazi kwamba yumo katika kupunguza dawa hii. Tatu, tulio na afya tumpunguzie kazi. Kumchotea maji na kumlimia mstari mmoja ni sala pia.

Mama yetu sasa yuko 2.5. Asubuhi bado ni nzito, na siku nyingine hafiki kwenye Misa. Mjukuu wake huandika katika daftari la shule: leo ameumwa wapi, amekula nini, amelala namna gani. Daftari hilo huenda naye kwa daktari. Jumapili iliyopita nilimtembelea. Sikumwambia avumilie. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwuliza, “Mama, leo panauma wapi?” Akacheka, akasema, “Mwalimu, kaa vizuri, ni hadithi ndefu.”

Nikakaa.