Picha ya Ushindi na Waliokuwa Majini

Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli Khedive Ismail iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu 1,297, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Nyambizi ilipojificha chini ya manusura, manowari ya Uingereza, Petard, ilidondosha mabomu yanayolipukia chini ya maji palepale walipokuwa wakielea watu. Hatimaye I-27 ilizamishwa.

Je, msanii anayeliadhimisha pambano kama hili achore nini? Mkondo wa picha za vita vya baharini unafahamika: mtazamaji husimamishwa upande wa mshindi, manowari ikipasua mawimbi na adui akichomoza kwenye povu. Mtetezi wa picha hiyo atasema kwamba nahodha alikuwa na meli nyingine za kulinda, na kwamba kumwacha adui kungezidisha vifo. Hoja hii ina uzito. Nicholas Monsarrat, katika riwaya yake The Cruel Sea (1951), anamtwika nahodha uamuzi wa namna hiyo, wala hamwepushi na uchungu wake.

Hata hivyo, riwaya ina wasaa wa kusimulia yaliyotangulia na yaliyofuata, ilhali picha hushika dakika moja tu. Ikiwaacha nje waliokuwa majini, haimtetei nahodha, bali hulifuta swali lililomfanya ahitaji kutetewa.

Katika suala hili, desturi ya Wajaluo wa Kisumu na ufuko wa Ziwa Victoria ina funzo kwa mhakiki. Mtu akifa maji au ugenini na mwili wake usipatikane, tunda la mti uitwao yago huzikwa badala yake. Tunda hilo halidai kufanana na marehemu, wala halimhukumu aliyesababisha kifo. Dhima yake ni kumpa asiyekuwapo mahali pa kuliliwa, nyumbani kwao.

Basi sanaa ya kumbukumbu yaweza kuiacha hukumu wazi bila kumfuta mtu. Picha ya pambano hilo haina budi kuonyesha vichwa vya watu katika maji yaleyale yanayopasuliwa na manowari. Akiviona, mtazamaji aweza bado kuamua kwamba nahodha hakuwa na njia nyingine. Lakini ataamua huku akiwatazama waliolipia uamuzi huo.