Tunasoma, lakini tunaelewa?

Ndugu msomaji, naomba nianze na kisa kilichonikuta mwenyewe.

Mwaka jana nilikwenda mjini Arusha kununua kitambaa cha sare za watoto wa madrasa. Mwenye duka ni mzee wa Kihindu, mtu wa umri wa babu yangu. Nasema Mhindu kwa maana ya dini. Sisi tumezoea kusema "Wahindi" tukidhani wote ni kitu kimoja, kumbe miongoni mwao wapo Waislamu wenzetu, wapo Masingasinga, na wapo hao Wahindu wenyewe.

Nilimkuta anasoma kitabu. Akaniambia ni Bhagavad Gita, chenye sura 18. Nami, kwa ujana wangu na shahada yangu ya chuo kikuu, nikataka kumtega. Nikamwambia: "Mzee, nasikia nyinyi mnaamini dunia ni kiinimacho tu, mnaita maya. Mbona basi unaniuzia kitambaa cha kiinimacho kwa pesa za kweli?"

Akacheka sana. Akasema: "Maalim, kitambaa kipo na pesa zipo. Maya ni pale mimi ninapodhani duka hili ni langu milele." Kisha naye akaniuliza: "Hao watoto unaowasomesha kwa Kiarabu, wanaelewa wanachosoma?"

Nikalipa, nikaondoka. Sikuwa na jibu.

Nilipofika nyumbani nikaona ni vyema nijue nilichokuwa nakikejeli. Nikakuta kuwa wanazuoni wao wenyewe wamehitilafiana. Shankara alifundisha kuwa ulimwengu huu tunaouona si uhalisi wa mwisho, na wafuasi wake hutoa mfano wa mtu anayeona kamba gizani akadhani ni nyoka. Karne kadhaa baadaye Ramanuja akampinga. Akasema ulimwengu upo kweli, na mwokovu ni yule anayejisalimisha kwa Mola wake kwa mapenzi na ibada. Wahindu wengi wa kawaida hushika njia hiyo ya ibada. Gita yenyewe, katika sura ya 7, inasema maya ni ngumu kuivuka isipokuwa kwa anayekimbilia kwa Mungu. Na katika sura ya 4 inamtaka msomaji aende kwa wajuzi kwa unyenyekevu, aulize na atumikie. Kwa hiyo kwao kusoma bila kuuliza hakutoshi.

Hapa nataka nieleweke vizuri. Mzee yule aliwahi pia kuniambia kuwa vitabu vyao vinautaja mlima Meru, ulio katikati ya ulimwengu. Sisi nasi tunao Mlima Meru, wa zaidi ya mita 4,500, tunauona kila asubuhi mawingu yakiruhusu, na jina lake ni la wenyeji wake Wameru. Jina limefanana, mlima si mmoja. Ndivyo ilivyo katika dini. Sisi ni watu wa Tawhid. Hatuabudu sanamu, na hatusemi Mwenyezi Mungu huja duniani kwa umbo la kiumbe. Kufanana kwa maneno kusitudanganye tukadhani itikadi ni moja.

Baadhi ya ndugu watasema: Maalim sasa anakwenda kuchukua elimu kwa makafiri. Nawajibu kwa mambo mawili. Kwanza, al-Biruni, mwanazuoni wetu mkubwa, alijifunza Kisanskriti, na mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa kueleza imani za Wahindu kama wenyewe wanavyozieleza. Hakuuacha Uislamu wake.

Pili, sisi watu wa Arusha tunajua uchungu wa kuhukumiwa bila kuulizwa. Mwaka 2001 gazeti moja la Marekani lilihusisha biashara ya tanzanite na Al-Qaeda. Wauzaji wakubwa wa huko wakaacha kuuza jiwe hilo, bei ikaporomoka, na madalali na wanaapolo wa Mererani wakaumia. Mwaka 2002 Serikali ya Marekani yenyewe ikasema haikuona ushahidi. Lakini njaa ilikuwa imeshaingia majumbani. Qur'an katika Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo si ya kuwalinda Waislamu peke yao.

Sasa nirudi kwenye swali la mzee. Qur'an nayo inatuonya juu ya udanganyifu wa dunia, ghurur, kwa mfano katika Suratul Hadid aya ya 20. Sisi tunadhani ghurur ni magari na majumba tu. Nilipolichunguza darasa langu nikaona kumbe hata kisomo kizuri chaweza kuwa ghurur.

Siku hiyo niliwasomesha Suratul Maun. Watoto waliisoma kwa sauti nzuri na tajwidi safi. Nikauliza: nani anajua maana yake? Hakuna aliyenyoosha mkono. Sura ile inamkemea anayemsukuma yatima, na wale wanaoswali huku wakinyima msaada mdogo. Na wiki ile ile mayatima wawili wa darasa lile walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Aliyewarudisha ni mimi. Niliisoma sura hiyo katika swala ya Alfajiri, nikatoka nikaenda kuivunja saa mbili asubuhi.

Je, tuna udhuru gani? Tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'an kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na mmisionari, Godfrey Dale. Lakini tangu mwaka 1969 tunayo Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, na nyingine zimefuata. Kilichobaki ni kuifungua. Suratul Jumua aya ya 5 inatupa mfano wa punda aliyebeba vitabu. Tusikimbilie kusema mfano huo ni wa Mayahudi tu.

Mayatima wale wamerudi darasani, na ada yao sitaidai tena. Kila siku, baada ya kisomo, tunatumia dakika kumi kwa maana, na watoto wanaruhusiwa kuuliza. Baadhi ya maswali yao yananishinda, nami huwaambia wazi kuwa sijui, nitawauliza masheikh.

Mzee wa dukani nimemjibu pia. Nilimwambia: "Walikuwa hawaelewi, na mimi nilikuwa mmoja wao."

Wabillahi Tawfiq.