Kusema kwa Ulimi wa Mwengine



Mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, alinijia jioni moja na karatasi mkononi na uso umemkunjamana. Shuleni kwao watafanya mkutano wa kuigiza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kama lilivyokaa tarehe 30 Oktoba 1974 kujadili kuitoa Afrika Kusini ya makaburu katika Umoja huo. Wenziwe wamepewa Kenya, Kameruni na Mauritania, zilizokuwa miongoni mwa nchi zilizoleta azimio lile. Yeye kapewa Uingereza, iliyolipinga.

"Babu, nisimame niwatetee hawa? Si uongo huo?"

Sikumjibu papo hapo. Aya ya 105 ya Suratun Nisaa yatukataza kuwa watetezi wa wahaini, na mtoto aliyeisoma kisha akashituka, ana haki ya kushituka. Nikamwambia anisomee kwanza kanuni za mkutano wenyewe.

Mwenyekiti huita majina. Mjumbe hujibu kuwa yupo, au kuwa yupo na atapiga kura, na aliyejibu hili la pili hawezi tena kujizuia asichague upande. Hapana anyanyuaye sauti ila kwa ruhusa, na akiruhusiwa huhesabiwa dakika zake. Tena mjumbe hasemi "mimi", husema "mjumbe wa Uingereza anaona hivi." Wengi waiona kanuni hii kuwa ni madaha tu. Mimi nimeiona kuwa ndiyo roho ya jambo lote.

Imamu akisoma Suratun Naziat hutamka maneno ya Firauni ya kujidai uungu, wala hapana maamuma amwambiaye kuwa amekufuru. Kwa nini? Kwa sababu limetangulia neno "akasema." Ile ni hikaya. Basi "mjumbe wa Uingereza anaona" ndiyo "akasema" ya watoto hawa. Uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwa, na pale ukumbini hapana aaminiye kuwa binti wa mtaani kwetu ni balozi wa London. Wala baraza lao halimpi mtu haki wala halimnyang'anyi, hata mhaini apate faida kwa utetezi ule.

Na ilimu imo ndani yake. Waliopinga walishika kwamba Umoja wapasa kuwa wa mataifa yote, na nchi ikishatolewa huwa mbali na mkono wa kuiadabisha. Mimi hoja hiyo siikubali. Mkono wenyewe ulikuwa haujaadabisha kitu. Lakini asiyeijua ataivunja vipi? Siku ile kura 10 ziliafiki, 2 zikajizuia, 3 zikapinga: Uingereza, Ufaransa na Marekani. Kwa kuwa wote watatu wana kura ya turufu, 3 zikazishinda 10. Haikufika hata wiki mbili, tarehe 12 Novemba, Abdelaziz Bouteflika wa Algeria, aliyekuwa rais wa Baraza Kuu, akaamua kwa utaratibu wa kikao kuwa ujumbe wa Afrika Kusini usishiriki kikao kile. Uamuzi wake ukapingwa, ukapigiwa kura, ukathibiti kwa 91 dhidi ya 22. Mtoto aliyeyajua haya hataona tena kuwa kanuni za mkutano ni kazi ya makarani.

Nikampa ruhusa. Ila nilisahau kumuonya jambo moja, na lawama yake ni yangu.

Alirudi na cheti cha msemaji bora. Nyumba nzima ikafurahi, nikamwambia aturudilie hotuba yake. Alipofika katikati akataja idadi ya wafanyakazi wa Kiingereza ambao wangekosa mkate. Nikamuuliza, "Hii umeipata wapi?" Akanyamaza. Aliibuni pale pale, maana mjumbe wa Kenya alikuwa akimshinda.

Hapo, ndugu msomaji, hikaya imekwisha. Uingereza haikuyasema yale. Kayasema yeye, na lile neno "mjumbe anaona" halimfuniki tena. Imamu husoma maneno ya Firauni kama yalivyo. Hamzidishii.

Wanavyuoni wetu waliliona shimo hili zamani. Samarqandi, katika karne ya 13, aliandika risala ya adabu za munadhara, na katika fani hiyo muulizaji ana haki ya kuizuia kila hatua ya hoja mpaka iletewe dalili. Kanuni za shule zauliza nani aseme na kwa dakika ngapi, dalili hazikuidai. Maswali yapo, lakini katika mikutano mingi ni mpaka msemaji mwenyewe apende kuyapokea. Naye Imamu Ghazali, aliyesomesha Baghdad mpaka mwaka 1095 na kuwajua vyema wapenda mijadala, asema mwenye kuitafuta haki huwa kama mtu aliyepotewa na kitu: hajali kimeokotwa na yeye au na mwenziwe, humshukuru tu. Vipi atamshukuru mwenziwe, na cheti ni kimoja?

Mjukuu wangu alitaka kukirudisha kile cheti. Nikamwambia cheti si cha mwenziwe, kilicho cha mwenziwe ni ile haki ya kujibiwa kwa ukweli. Siku ya pili akamwandikia yule mtoto aliyekuwa Kenya, akamweleza kuwa idadi ile haina asili. Hata naandika haya, jawabu haijafika, naye kila akirudi shuleni huniuliza kama kuna barua.